Kastanya Tisini za Danitza

Kambi ya Tres Ranchos, Pando
11 Desemba 2010

Dada Nelvy,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nyumba nzima, yaani mwanangu Danitza na yule paka wako mwizi. Mimi nimefika salama. Lori la Don Fanor lilikwama matopeni mara mbili, lakini tumefika. Nimepangwa kibanda kimoja na Guari, yule mwenye meno mabovu aliyefanya kazi na marehemu baba. Anakoroma kama msumeno. Asubuhi tunakula wali na nyama kavu. Jioni tunabadilisha, tunakula nyama kavu na wali.

Kazi imeanza. Mikastanya imezaa sana mwaka huu. Unajua mwenyewe, tunda moja ni gumu kama jiwe na linaanguka kutoka juu kuliko mnara wa kanisa, kwa hiyo kukiwa na upepo hatuingii msituni. Upepo ukitulia tunaokota, tunapasua kwa panga, tunatoa kastanya zilizomo ndani, tunabeba magunia mgongoni mpaka ghalani. Mgongo wangu umeshaanza kunisema.

Sasa Danitza. Niliona ulivyoniangalia nilipokuwa namhesabia kastanya kwenye mfuko. Uliona ni upuuzi. Lakini mtoto mwenye usonji huwezi kumwambia "baba atarudi Machi" ukaondoka zako. Machi ni kitu gani kwake? Kastanya anaijua. Nimemwekea tisini. Kila asubuhi atazipanga mezani kwa safu za kumi kumi, ataondoa moja, ataipasua kwa gego kama nilivyomfundisha, atakula. Atakapopasua ya mwisho, tarehe nne Machi, siku hiyo hiyo nitakuwa mlangoni. Usimzuie na usimharakishe.

Na ile chupa ya matone aliyoandika Daktari Ichazo kabla sijaondoka, iache pale pale juu ya kabati. Nilimwitikia kwa heshima tu. Nilishamwona mtu aliyekunywa dawa za kichwa, anakaa siku nzima mate yanamtoka. Mwanangu ana miaka kumi na tatu na hasira zake nazijua. Zikimpanda, mpe lile blanketi zito, kaa mbali, nyamaza. Subiri nirudi.

Niandikie kupitia Don Fanor. Anapita kila wiki mbili, mvua ikimruhusu.

Mdogo wako,
Erlan


Riberalta
27 Desemba 2010

Mdogo wangu Erlan,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Nashukuru mko wazima. Krismasi tumekula kuku, Danitza kala mapaja yote mawili. Kiwandani walitufungia siku mbili, halafu tumerudi kubangua kastanya. Paka amezaa watoto wanne jikoni. Kumbe hakuwa mwizi, alikuwa na mimba.

Ulichoandika kuhusu matone kimenikuta nimeshafanya. Nilifungua chupa tarehe kumi na tatu. Nisikilize kabla hujatupa karatasi.

Tarehe kumi na mbili jirani alianza kukata bati kwa mashine. Danitza alianza mayowe saa nne asubuhi na hakumaliza mpaka saa tisa mchana. Blanketi nilimpa, akalitupa. Nilikaa mbali, akanifuata. Alijigonga kichwa ukutani mpaka picha ya mama ikaanguka. Mama Pura wa nyumba ya pili akapanda juu ya ndoo, akachungulia juu ya ukuta.

"Nelvy, mtie kofi moja la maana! Sisi tulilelewa na nani?"

"Njoo umtie wewe, Mama Pura. Mlango uko wazi."

"Mimi nina presha."

"Basi shuka kwenye ndoo kabla haijakuangusha."

Nusu mililita asubuhi, nusu jioni, kama ilivyoandikwa. Wiki ya kwanza alisinzia. Wiki ya pili, Erlan, alikaa mezani akala masaco yake ya ndizi na nyama mpaka chini ya sahani. Aliniacha nimsuke nywele. Jirani aliwasha tena mashine yake, naye aliziba masikio, akaenda chumbani, akarudi. Ni hilo tu. Nililia nikiwa naosha vyombo.

Sikufichi upande wa pili. Njaa haimwishi, na mashavu yameanza kujaa. Daktari anataka tumpime uzito kila mwezi, na damu pia. Alisema, "Dawa hii haiondoi usonji, Doña Nelvy. Inapunguza moto, ili mtoto aweze kujifunza namna nyingine ya kusema hapana." Amenipa kadi zenye picha: maji, choo, kelele, inauma. Danitza anaonyesha ya maji tu. Zile nyingine amezipanga kwa rangi.

Mkono wangu umeumia kidogo kazini, usihangaike.

Kastanya anapasua moja kila asubuhi. Hajakosa.

Dada yako,
Nelvy


Kambi ya Tres Ranchos
14 Januari 2011

Dada Nelvy,

Salamu kwako na kwa watoto wa paka. Huku mvua. Guari anaumwa jino na anamlaumu kila mtu, hata kuku.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nimekasirika, sikufichi. Nilikuambia usubiri. Ni mwanangu. Halafu nikifika pale uliposema amekaa mezani mpaka chini ya sahani, narudia kusoma.

Kuna jambo jingine. Huenda nikachelewa siku kumi na tano. Ni mambo ya kazi, usiniulize. Fanya hivi: chukua kastanya kumi na tano kutoka kiwandani, uzitie kwenye mfuko akiwa anaoga. Hatajua.

Naandika kifupi kwa sababu karatasi ni chache.

Erlan


Riberalta
30 Januari 2011

Erlan,

Salamu. Sisi ni wazima kwa maana ya kwamba tunapumua.

Mwandiko wako umekuwa kama kuku amepita juu ya karatasi. Na tangu lini karatasi ni chache kwa mtu aliyeondoka na daftari zima? Unanificha kitu. Nitarudi hapo.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na mbili. Nilifanya ulivyosema, akiwa anaoga. Asubuhi alimwaga mfuko mezani, akapanga. Zilitakiwa safu nne na moja ya pekee. Zikawa safu tano na sita. Alizitazama muda mrefu sana. Halafu akaanza kuzigusa, moja moja, anainua, ananusa, anarudisha. Zile zangu za kiwandani alizitoa zote kumi na tano, akazisukuma hadi ukingoni mwa meza mpaka zikaanguka chini. Hakukosea hata moja. Tena akanitazama, yeye ambaye hamtazami mtu usoni.

Kisha akaanza kujipiga.

Lakini niseme ukweli wote. Hali ilikuwa imeshaharibika kabla ya hapo, tangu kama tarehe kumi na mbili mwezi huu. Matone yalifanya kazi wiki nne, halafu ni kama nampa maji. Anajipiga ngumi shavuni, anapiga mayowe, hali chakula vizuri. Nikaongeza. Sikumuuliza mtu. Nusu ikawa moja. Baada ya ile asubuhi ya kastanya nikaongeza tena. Tarehe ishirini na sita shingo yake ilipinda upande mmoja ikakakamaa, macho yakaenda juu, ulimi ukatoka. Nilidhani anakufa mikononi mwangu. Nilimpeleka hospitali juu ya pikipiki, nimemfunga kwangu kwa shuka. Walimchoma sindano, shingo ikalegea baada ya muda mfupi. Mimi yangu bado haijalegea.

Daktari Ichazo akaja.

"Umempa kiasi gani?"

"Kidogo zaidi."

"Kidogo zaidi ni kiasi gani, Doña Nelvy?"

"Mara mbili. Kisha mara tatu."

Akavua miwani. "Wewe unabangua kastanya. Nikija kiwandani nikakaza mashine yako bila kukuuliza, itakuwaje?"

"Zitapondeka."

"Basi," akasema, akavaa tena miwani.

Baadaye akauliza kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani. "Dawa ilimsaidia, halafu ghafla ikaacha. Mtoto asiyesema akibadilika ghafla, kabla ya kugusa dawa tunatafuta kinachomuuma. Sikio, tumbo, choo, hedhi, jino. Tena tunauliza kilichobadilika nyumbani. Kimebadilika nini?"

Nikasema hakuna. Niliona aibu kusema kwamba mimi na baba yake tumemdanganya kwa kastanya. Masikio alimpima, ni safi. Tumbo ni laini. Mdomo hakuufungua, alikivunja kile kijiti cha daktari kwa meno. Amerudisha matone kwenye nusu na nusu na ameniapisha. Anataka nimwandikie kila siku: alianza saa ngapi, kilitangulia nini, alijipiga wapi. Naandika. Kila siku ni pale pale, shavu la kushoto, chini ya sikio. Anakula kwa upande wa kulia, nyama haitafuni tena. Na kastanya yake bado anaipasua kila asubuhi, akimaliza anapiga mayowe. Nilijaribu kumnyang'anya. Sijaribu tena.

Mkono wangu haukuumia kazini. Alinivunja vidole viwili tarehe kumi na mbili Desemba. Sikutaka ujue, ungesema simwezi. Simwezi, Erlan. Nina miaka hamsini na moja, nabangua kwa vidole vitatu. Nimewaandikia masista wenye nyumba ya watoto kule mji wa Trinidad na wamejibu kuna kitanda. Ndege ni Jumatatu, tarehe saba Machi. Kama tarehe nne hutakuwa mlangoni, nitampeleka. Si kwa hasira. Niko peke yangu, basi.

Sasa niambie unachoficha.

Nelvy


Kambi ya Tres Ranchos
12 Februari 2011

Dada yangu,

Salamu zangu leo ni nzito, zipokee hivyo hivyo. Vidole vyako vimenitoa machozi mbele ya wanaume, na Guari hakucheka.

Barua yako imefika leo asubuhi. Don Fanor anaondoka kesho, kwa hiyo naandika yote sasa.

Mpeleke Danitza akaangaliwe jino. Gego la kushoto, chini, la mwisho. Usingoje nirudi.

Nikueleze nilivyojua. Wiki iliyopita nilimkuta Guari amekumbatia nguzo ya ghala, anagonga taya lake juu yake, taratibu, kama mtu anayepigilia msumari.

"Guari, una wazimu?"

"Jino linanipiga, nami nalipiga."

"Na inasaidia?"

"Haisaidii. Lakini angalau haya maumivu ya nguzo najitia mimi, nikitaka naacha."

Tulimshika watu wanne, tukaling'oa kwa koleo. Lilinuka kama panya aliyekufa. Alilala mpaka jua lilipokuwa juu, na akaamka akisalimia watu. Hajawahi kusalimia watu. Leo nilipofika kwenye barua yako penye shavu la kushoto, na kula kwa upande wa kulia tu, na mayowe baada ya kastanya, nikalikumbuka taya la Guari kwenye nguzo.

Ni mimi, dada. Nilimfundisha kwa kastanya mbichi, zilizoanguka wiki ileile. Ganda lake bado lina maji, ukijua pa kuuma linaachia. Baba alitufundisha hivyo hivyo, unakumbuka. Lakini kastanya zikikaa mfukoni mwezi mzima zinakauka, zinakuwa chuma. Hilo analijua kila mtu wa Riberalta. Mimi ninayezibeba mgongoni kila siku nililisahau. Na yeye nimemfundisha kwamba ni moja kila siku, kwa gego lile lile, mpaka baba aje. Angeachaje? Kila asubuhi alikuwa anauma palipovunjika ili nirudi.

Na mimi nikakuambia uziongeze.

Unachotaka kujua ni hiki. Tarehe tisa Januari kulikuwa na upepo nikaingia msituni. Wenzangu walikataa. Nilitaka kumaliza fungu langu mapema, nitoke kabla ya Machi, nikuoneshe kwamba matone hayahitajiki kwa mtu mwenye baba. Tunda liliniangukia begani. Mtulinga umevunjika. Kichwa kilikuwa pembeni kidogo tu. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana unaona miguu ya kuku. Mzee anayetufunga mifupa alisema nisitembee na mzigo mpaka katikati ya Machi, ndiyo zile siku kumi na tano. Sikukuambia kwa sababu uliwahi kuniambia nitakufa msituni kama baba, na sikutaka kukupa ushindi.

Matone mpe kama daktari alivyoandika, si pungufu, si zaidi. Mimi niliyesema yakae kabatini sikuwepo kuvunjwa vidole. Mwambie Ichazo habari ya kastanya zote, za kwangu na zile kumi na tano. Mwambie ni baba yake aliyekuagiza.

Hesabu ya fungu langu itafungwa mwisho wa mwezi; lori la Don Fanor litakuwa limeshapita, na linalofuata limejaa watu wanaokwenda Kanivali. Nitatoka kwa miguu mpaka barabarani, bila mzigo. Guari amesema atanibebea mfuko. Anasema mtu aliyeng'olewa jino na rafiki hawezi kumwacha njiani.

Usimpeleke Trinidad. Tarehe nne nitakuwa mlangoni.

Erlan


Riberalta
Ijumaa, 4 Machi 2011

Erlan,

Barua hii siitumi kwa mtu yeyote. Itakaa mezani, na ukija utaisoma. Naandika kwa sababu mikono yangu inataka kushika ile chupa, nami nimeamua ishike kalamu.

Salamu kwanza, nisije nikaonekana nimesahau adabu. Paka wawili nimewagawa. Mama Pura amechukua mmoja, amempa jina langu, anasema wote wawili tunakoroma.

Lilikuwa gego. Tarehe ishirini na moja Februari walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakalitoa. Limepasuka katikati, chini yake usaha. Daktari Ichazo aliliweka kwenye kikopo akanionyesha, hakunikaripia. Nilimweleza kastanya zote, akacheka kidogo, akafuta macho. "Andika hizo pia kwenye daftari," akasema. "Hizo zilikuwa kalenda yake, nasi tulikuwa tunatafuta ugonjwa tu." Uvimbe ulipoisha, mapigo ya shavuni yaliisha. Hasira nyingine zipo, za kelele na za kungoja, na kwa hizo matone yanamsaidia, nusu na nusu. Amepanda kilo nne. Mwezi wa tano daktari ataangalia kama tunaweza kupunguza. Juzi tarumbeta za mazoezi ya Kanivali zilipita, akanitolea kadi ya kelele, akanibandika nayo kwenye paji la uso. Nilifunga dirisha. Ndivyo tulivyozungumza mara ya kwanza, Erlan, mimi na yeye.

Kastanya sasa anazipasua kwa mashine ya mkono. Nimeazima moja ya kiwandani, nimeifunga kwenye meza, namshikia mkono na tunavuta mpini pamoja. Siku ya kwanza alikataa, akaitia mdomoni, akakuta shimo badala ya gego. Aliuzungusha ulimi pale. Kisha akaiweka kwenye mashine mwenyewe.

Leo asubuhi ilikuwa moja. Aliimwaga, ikabingirika mezani peke yake. Hakuwa na cha kupanga. Akaipasua, akala nusu. Nusu nyingine ameishika.

Saa nane mchana. Amekaa kizingitini, mfuko mtupu magotini. Amevaa viatu. Hakuna aliyemwambia avae viatu. Wanasema barabara ya Pando imekatika mahali, watu wanavuka kwa mitumbwi. Sijui uko upande gani wa maji.

Saa tisa na nusu. Ameanza kujitikisa. Anakung'uta mfuko, anautazama ndani, anaukung'uta tena. Barua ya masista iko hapa chini ya kikombe. Kitanda kipo mpaka Jumatatu. Nilifikiri nikipata barua yako nitaichana hii ya masista, na sijaichana.

Saa kumi na moja. Amejipiga mara mbili. Upande wa kulia. Huo hauumi, nimekagua. Basi huo ni kwa ajili yako. Nimemletea kadi zote, akaikamata ile ya "inauma", akaishika. Chupa iko juu ya kabati, matone ya jioni hayajafika saa yake. Najua mahali ilipo bila kugeuka. Nimekaa kizingitini karibu naye, si karibu sana, nimenyamaza kama ulivyoagiza. Naandikia gotini. Mama Pura amepita na taji la karatasi kichwani, akatuona, akalivua.

Jua limefika kwenye bati la jirani. Mtaa umejaa watu wenye mifuko wanarudi kutoka msituni, wanacheka, pikipiki zinapiga honi, na yeye ameziba masikio kwa viganja, nusu ya kastanya iko kati ya meno ya kulia, hajaiuma.

Erlan, amesimama. Ametoa mikono masikioni. Mimi kwa macho yangu sioni isipokuwa vumbi, na ndani yake watu wawili, mmoja amebeba mifuko yote, na mwingine bega lake limeinama upande mmoja...